Darubini ya jua: itazame mtoto wa jicho kabla hujalipa

Mwaka jana nilitoa dola 480 kwa darubini ya jua ya mtumba, chapa siitaji. Asubuhi ya kwanza niliitega uani kwetu Himbi, hapa Goma chini ya volkano ya Nyiragongo, mapema, kabla mawe ya lava hayajashika moto na kuanza kuitikisa hewa. Nilingojea ndimi za moto pembeni mwa jua. Nikaona duara jekundu lililofifia, kama taa ya pikipiki kwenye ukungu.

Lenzi haikuwa na kosa. Karibu na pale unapoweka jicho kuna kioo kidogo kinachosaidia kuzuia mwanga mwingine, ubaki ule mwekundu wa hidrojeni, nanomita 656.28. Kikila unyevu miaka kadhaa, kinaota mtoto wa jicho. Nasi tunakaa kando ya Kivu! Wauzaji watakuimbia ukubwa wa lenzi, hiki hawakitaji. Chomoa kijicho, ile lenzi ndogo ya kuchungulia, mulika ndani kwa tochi ya simu. Kioo king'ae kama cha kujitazamia. Ukiona weupe au vidoa kama chumvi, rudisha, usibembelezwe.

Namba moja kwangu ni darubini ya jua ya chapa ya Lunt, yenye lenzi ya milimita 50, na sifichi kwamba naipendelea. Kioo hicho kimo kwenye kiwiko kinachopindisha mwanga. Unakichomoa chote, unakifungia koponi pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Halafu kuna kitasa cha kubana hewa: unazungusha polepole mpaka nyuzi nyeusi zinajichora usoni mwa jua. Ya milimita 40 ni namba mbili, kwa ajili ya kiwiko hichohicho.

Daystar Quark ni kichujio tu, inachomekwa kwenye darubini ya lenzi uliyo nayo, ila ina hita ndani: bila USB haifanyi kazi, na lazima uisubiri ipate joto. Kwa umeme wetu huu?

Kama mfuko hauruhusu, weka karatasi ya kuchuja mwanga ya Baader AstroSolar, ile ya kutazamia kwa jicho (OD 5.0), mbele ya darubini ya kawaida. Inapitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 100,000. Madoa ya jua utayaona, ndimi hapana. Kile kioo cheusi cha kuskrubu kwenye kijicho kitupe, joto hukipasua jicho likiwa papo hapo.

Muuzaji wangu nilimtumia picha. Akajibu: "Mama, huo ni moshi wa Nyiragongo." Kioo kiko ndani ya bomba lililofungwa! Siku ya pili akakubali niirudishe, nauli dola 70 juu yangu, ushuru wa mpakani mbali.