Kabati la fimbo za biliadi na swali la binti yangu

Asiyetaka maneno mengi aishie hapa: msiende. Na mkienda, msiende na mtoto.

Ni nyumbani kwa mtu binafsi, kaskazini mwa Uingereza, saa moja na kitu kwa treni kutoka kwetu Manchester. Mzee mwenyewe amekusanya fimbo za biliadi tangu ujana wake, na siku hizi anawafungulia watu kwa miadi, wanne wanne, kwa kiingilio. Jina lake silitaji. Sitaki kumharibia, nataka tu siku moja yamfikie.

Mimi pool nimeanza kuicheza Bagamoyo, chini ya bati, kwenye meza iliyoinama upande mmoja, fimbo mbili kwa mtaa mzima na zote zimeliwa ncha. Sasa mtu aniambie kuna chumba kimejaa fimbo, nyingine zimechongwa kabla babu yangu hajazaliwa, nitalala kweli? Niliomba nafasi siku ileile. Ilikuwa wakati wa baridi, mwaka jana mwanzoni au mwaka juzi mwishoni. Nikaenda na binti yangu wa miaka tisa. Naye anacheza, na akinishinda amenishinda, simwachii.

Haki ya mzee nimpe kwanza, maana saa nzima ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Alituanzishia na rungu. Kabla ya fimbo, watu walikuwa wanausukuma mpira kwa rungu lenye kichwa kipana cha mbao. Mpira ukiganda ukingoni, kichwa hakifiki, basi wakawa wanaligeuza rungu na kupiga kwa ule upande mwembamba wa nyuma. Ndiyo maana Wafaransa fimbo waliiita mkia. Akampa binti rungu lenyewe alishike, akamgeuzia mkononi, mtoto akaelewa palepale. Akatueleza habari za Mingaud, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyewahi kufungwa jela, anayetajwa kuwa ndiye aliyeweka ncha ya ngozi kwenye fimbo mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo mbao tupu iligonga mpira na kuteleza. Halafu akatoa fimbo yenye kibati kitakoni kimeandikwa Tom Reece, 499,135. Hizo ni pointi. Mwaka 1907 Reece, mcheza biliadi wa Uingereza, aliibana mipira miwili kwenye mdomo wa shimo akawa anaigusa, anaigusa, kwa majuma kadhaa, bila kukosa. Mzee alisimulia kama anayesimulia harusi yake. Nilisimama pale nikasema moyoni, huyu ni mwenzangu.

Tukafika kwenye kabati la mwisho, lenye kufuli. Humo ndimo zinamokaa fimbo zilizopambwa kwa pembe za ndovu, nyingine zina pete ya pembe pale zinapoungana, nyingine kitakoni, na chini yake mipira mitatu ya pembe imekuwa na rangi ya siagi kwa uzee. Fimbo nyingine zote zilikuwa na karatasi ya maelezo yenye mistari kumi, kumi na mitano. Hapa palikuwa na maneno mawili tu: pembe, Afrika.

Binti akaniuliza, "Baba, Afrika wapi?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akamuuliza kwa adabu zote, ameweka mikono nyuma kama alivyofundishwa. Mzee hata hakugeuka. "Hapa tunaonyesha fimbo," akasema, "hatuonyeshi tembo."

Wale wageni wengine wawili wakacheka. Mtoto akaja kusimama nyuma yangu.

Ndugu zangu, nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Mtoto ameuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa mle ndani! Pembe za upande wetu zilitafutwa kwa sababu ni laini, hazipasuki ovyo zikichongwa, na soko lake kubwa lilikuwa Unguja. Zile ndogo tuliziita kalasha, na ndizo waliozitaka wachonga mipira ya biliadi, kwa sababu mpira lazima ukatwe katikati kabisa ya jino. Jino moja likitoa mipira mitano, ni bahati. Hadi kufika pwani zilibebwa begani, kutoka Unyanyembe, huko Tabora, mpaka Bagamoyo. Baba wa babu yangu upande wa mama alikuja pwani hivyo, na mzigo begani, hakurudi tena bara. Kwetu hilo halisimuliwi kwa fahari wala kwa aibu. Linasimuliwa.

Sisemi kila pete mle kabatini ilipita Unguja. Nyingine huenda zilitoka Afrika Magharibi. Basi si angesema hivyo? Lingekuwa jibu tosha kwa mtoto. Mtu huyuhuyu anajua kila fimbo iliuzwa na duka gani. Anajua pembe ni sehemu ndogo kiasi gani ya fimbo nzima, maana sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika 2022 inamlazimu ajue kabla hajauza. Vyote hivyo ameviandika. Ilikotoka hakuandika, na alipoulizwa akamchekesha mgeni kwa kumwaibisha mtoto.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemaliza, msiende. Ila wakati wa kutoka aliwasha taa ya meza kubwa, akamuuliza binti kama anacheza, akampa fimbo ya miaka zaidi ya mia, si ile ya watoto. Binti akatumbukiza mpira wa pembeni, mrefu, meza nzima. Mzee akapiga makofi, makofi ya kweli, macho yamemjaa maji. Ni yuleyule! Sijui nimweke wapi mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo nendeni, lile rungu peke yake linatosha nauli. Mkifika kwenye kabati la mwisho, muulizeni Afrika wapi. Muulizeni kila mmoja wenu.

Mimi nimeshaomba nafasi nyingine, mwezi ujao. Binti amesema haji.