Wakala aliyetupangia Ulaya: tulipeleka miji minane, tukatoka na mitatu

Tulipanda ofisini kwake, ghorofa ya pili, Mtaa wa Jamhuri, na daftari la Baba Neema lenye miji minane: London, Amsterdam, Brussels, Paris, Berlin, Zurich, Venice, Roma. Siku kumi na nne. Dada yule alilisoma hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuandika pembeni ya kila mji saa zitakazoliwa na njia: kufungasha, kutoka hotelini, kuwahi stesheni, treni yenyewe, kutafuta hoteli mpya, kusubiri chumba kisafishwe. Alipojumlisha, zikawa siku tano na ushee. "Mama Neema," akaniambia, "hapa mnakwenda kutembea au mnahama?"

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Nawaandikia wanandoa wenzangu wa hapa Dar wanaojiwekea akiba kwa safari ya kwanza ya Ulaya na hawajui waanzie wapi. Jina la ofisi siliweki, maana yapo mawili hakuyafanya vizuri, na hayo nimeshamwambia mwenyewe uso kwa uso.

Mimi nauza vitenge Kariakoo, mume wangu anafundisha Historia sekondari. Pesa hii tumeikusanya miaka minne, nusu kwenye kikoba, nusu benki. Kabla ya dada huyu tulipitia wakala mwingine aliyetuahidi "viza ya uhakika". Alitaka milioni moja na nusu mkononi, na akasema salio letu la benki atalipandisha yeye kwa siku chache, kisha pesa zirudi kwa wenyewe. Tulitoka pale mume wangu akitetemeka kwa hasira. Ukiambiwa maneno kama hayo, ondoka. Dada wa Jamhuri sentensi yake ya kwanza kuhusu viza ilikuwa hii: "Anayetoa ni ubalozi. Mimi kazi yangu faili."

London aliikata kwanza. Uingereza haimo kwenye Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza yake ni nyingine kabisa, na ada nyingine. Hilo hatukulijua. Zurich haikuwa na tatizo la viza, Uswisi imo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini mimi mwenyewe nilikiri kwamba niliiandika kwa sababu ya picha za milima. Venice na Brussels zikafuata.

Ugomvi ulikuwa Berlin. Baba Neema amefundisha Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 kwa miaka kumi na minane, na isitoshe, kule kwenye jumba la makumbusho ya elimu viumbe ndiko aliko mjusi mkubwa wa Tendaguru, mifupa ya yule dinosaria aliyechimbwa Lindi kwetu kati ya 1909 na 1913. Amesimama pale, kimo chake kinapita mita 13. Mume wangu alitaka kumwona kwa macho yake. Dada akamsikiliza, akamwonyesha kwamba Amsterdam hadi Berlin kwa treni ni kama saa sita, halafu urudi tena magharibi kwenda Paris. Akasema: "Shemeji, Berlin si mji wa kupitia. Ukienda, nenda kwa ajili yake." Kwenye bajaji ya kurudi Tabata hatukuzungumza. Usiku, watoto wameshalala, akaniambia yule dada ana haki.

Ikabaki Amsterdam usiku tatu, Paris nne, Roma tano. Roma ilipata siku nyingi kwa sababu yangu. Mimi ni WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu binti, na nilitaka kufika kwa Mtakatifu Petro. Hapo tukajifunza jambo ambalo wengi hulikosea: viza ya Schengen unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ndipo unaomba kwa nchi utakayoingilia kwanza. Ndege yetu ilishuka Uholanzi, lakini maombi yetu yalikwenda Italia.

Sasa faili. Hapa ndipo alipostahili kila shilingi. Mauzo yangu mengi hupita kwenye simu, hivyo taarifa ya benki peke yake ilinionyesha kama mtu asiye na biashara. Wakala mwingine angenyamaza. Huyu alinituma nikachukue taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, nikaleta na leseni ya biashara, TIN na hati ya kulipa kodi, kisha akakaa nami saa nzima akiweka alama kwa kalamu: pesa hii ilitoka kwenye simu tarehe hii, ikaingia benki tarehe hii. Akaandika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza hayo kwa lugha nyepesi. Kwa mume wangu alitaka barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo. Kwa wote wawili cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki na bibi yao, ili ionekane tuna cha kurudia.

Bima alihakikisha inafika euro 30,000 na inafanya kazi nchi zote za Schengen. Tiketi hakuturuhusu kulipia kabla ya viza. Aliweka nafasi tu, na hoteli zote za kughairi bila gharama. Tukapeleka maombi wiki saba kabla ya safari. Ada ya viza ni euro 90 kila mtu, nayo hairudi hata ukikataliwa. Tulipata.

Tiketi aliikata ya kuingilia Amsterdam na kurudia Roma, kwa Turkish kupitia Istanbul, ili tusilazimike kurudi tulikoanzia. Amsterdam hadi Paris tulipanda Eurostar, saa tatu na dakika kama ishirini, na Brussels ikapita dirishani. Paris hadi Roma nilikuwa nimeona mwenyewe kwenye simu ndege ya bei ya chini sana. Akaniomba nisome tena jina la uwanja: Beauvais. Uko kilomita kama 85 nje ya Paris. Ni sawa na mtu akuambie ndege inaondokea Dar, halafu uanze safari ya kwenda Chalinze alfajiri. Tena bei ile ilikuwa na begi dogo tu la kuweka chini ya kiti. Tukaondokea Orly, na mabegi yamelipiwa mapema.

Niseme sasa alipokosea. Kule Amsterdam Baba Neema alitaka nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa Vita Kuu ya Pili, na dada akatuambia tiketi tutakata tukifika. Hazikatwi mlangoni. Zinauzwa mtandaoni tu, kila Jumanne, kwa siku za wiki sita mbele. Tulisimama ukingoni mwa mfereji wa Prinsengracht, mume wangu akiwa na koti alilonunua Karume kwa ajili ya baridi ile, akiwatazama watu wakiingia kwa saa zao walizopangiwa. Aligusa ukuta wa matofali kwa kiganja, akasema twende. Mwalimu aliyesimulia vita ile kwa madarasa mangapi sijui, ameishia nje ya mlango. Hilo liliniuma kuliko pesa yoyote. Jua siku ile lilizama saa tatu na nusu usiku, tukazunguka tu mitaani hadi miguu ikakataa.

Kosa la pili ni la pesa. Roma wageni hulipa kodi ya mji hotelini, na kwa hoteli yetu ya nyota tatu ilikuwa euro sita kila mtu kila usiku. Siku tano, watu wawili, euro 60 ambazo hazikuwa kwenye hesabu aliyotupa. Aliponisikia aliandika papo hapo kwenye orodha yake ya wateja, na suala la Anne Frank pia.

Paris ilikuwa nzuri na ghali, sina zaidi. Roma ndiyo nitakayoihadithia. Dada alipanga tarehe ili Jumatano itukute kule, kwa katekesi ya Baba Mtakatifu, na alitusisitizia kwamba tiketi zake ni za bure, tusinunue kwa mtu. Tulizichukua alasiri ya Jumanne kwa askari wa Uswisi wanaomlinda Papa, kwenye Mlango wa Shaba. Asubuhi nikavaa kitenge changu cha WAWATA. Masista wawili waliokaa nyuma yetu wakasoma maandishi yake, mmoja akainama begani kwangu: "Tumsifu Yesu Kristo." Nikajibu milele amina kwa sauti iliyokatika, katikati ya uwanja ule, na mume wangu akanishika mkono.

Ada yake kwa sisi wawili ilikuwa shilingi 400,000. Nusu unalipa faili likikamilika, nusu majibu yakitoka. Viza ikikataliwa, nusu ya pili hadai. Nenda asubuhi, maana mchana foleni inafika kwenye ngazi, na mpeleke mwenzio, kwa kuwa anauliza maswali kwa kila mmoja. Kama kuna makumbusho unayoyataka kwa moyo wote, tafuta mwenyewe utaratibu wa tiketi zake miezi miwili kabla. Daftari la Baba Neema bado lipo, na juu ya Berlin, pale palipokatwa kwa wino mwekundu, ameandika kwa penseli: usiku nne.