Tangi kubwa la matumbawe Mombasa: lipi la kununua, lipi la kuacha

Anayefuga matumbawe na samaki katika tangi la lita 100 na kutaka kubwa zaidi huuliza lita kwanza. Aulize upana. Mombasa adui wa matumbawe ni joto: kaskazi ikishika, maji yaliyo ndani ya nyumba hukaribia nyuzi 30 hata kabla taa hazijawashwa, na kadiri yanavyopata moto ndivyo oksijeni inavyopungua. Tangi fupi lenye uso mpana hupumua vizuri. Lile lililopanda juu hupendeza sebuleni, basi.

1. La kuundwa na fundi wa vioo, sentimita 120 kwa 60 kwa 50. Hizo ni lita 360. Dai kioo cha milimita 12, na mikanda ya kioo juu ili kuta zisitanuke. Fundi wa madirisha atakwambia milimita 6 yatosha kwa kuwa ndicho alichonacho dukani. Mwache na dirisha lake. Usikubali kioo kigumu cha milango ya maduka pale unapotaka matundu ya mabomba, maana kikishapitishwa tanuri hakitoboleki, hupasuka chote. Silikoni isiwe ya bafuni: ile ina dawa ya ukungu inayoua viumbe. Iache ikauke siku 7, kisha jaza maji ya bomba kwa saa 48 huku magazeti yametandazwa kuzunguka miguu ya meza. Tone moja tu utaliona kwenye karatasi.

Meza nayo isidharauliwe. Maji ni kilo 370, kioo kilo 75, ongeza mawe na mchanga, umepita nusu tani. Chuma cha mraba cha inchi 2 kinafaa, kikipakwa rangi ya epoksi hadi kwenye mishono ya kuchomelea, kwani chumvi huanzia hapo. MDF, ubao wa unga wa mbao uliobanwa, huvimba. Weka pimamaji pande zote kabla ya tone la kwanza.

2. Seti ya kiwandani yenye tangi la chini, yaani dogo la ndani ya kabati ambako maji huchujwa. Mabomba na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) vimeshapangwa, kazi ni ndogo. Kasoro ni bei, na kabati lililofungwa linalohifadhi joto la pampu. Toboa mgongo wa kabati.

3. Akriliki. Kwa ujazo ule ule ni nyepesi sana kuliko kioo, kwa hiyo yafaa ghorofani. Lakini chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa cha kusugulia huacha mkwaruzo.

4. La mtumba. Nunua kioo tu. Mawe yake yaache, kwani kama mwenyewe aliwahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba, mawe huiachia polepole na kuua kamba na matumbawe. Silikoni ikiwa inabanduka kwa kucha, hesabu gharama ya kuunganisha upya.

Usimalize pesa zote kwenye tangi. Feni juu ya maji hushusha nyuzi 2 hivi, ila hewa yetu ya unyevu huipunguzia nguvu; chila, mashine ya kupoza maji, ndiyo ya uhakika, ipimwe kwa lita zote pamoja na tangi la chini. Pampu ya hewa ya betri ni lazima: stima ikikatika usiku, samaki hufa kwa kukosa hewa kabla ya jambo lingine lolote.

Maji ya nyongeza wengi huteka baharini. Yateke bamvua maji yakijaa, mbali na bandari ya Kilindini na Mto wa Tudor, na si wakati wa masika maana chumvi hushuka. Kipimo cha chumvi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matamu, kiwe 1.025. Matumbawe usiyang'oe huko: bila kibali ni kosa. Maji yanayopungua kwa mvuke yarudishiwe maji matamu yaliyochujwa. Ya kisima hayafai.

Siku ya kuhama, maji ya zamani yatangulie kwenye mitungi isiyowahi kubeba mafuta. Matumbawe yafuate, halafu mawe, yote yakiwa ndani ya maji. Samaki mwisho, kwa kuwa mawe yakishatoka hawana pa kujificha. Mchanga wa zamani ndio unaoharibu mambo: ukiukoroga hutoa uchafu na gesi yenye harufu ya yai viza, na amonia, sumu itokanayo na uchafu, hupanda usiku huohuo. Weka mpya, changanya vikombe viwili vya ule wa juu tu. Pima amonia kila siku kwa wiki nzima. Taa mpya ianze nusu ya nguvu, ipandishwe kidogo kidogo kwa wiki 3, la sivyo matumbawe yatapauka.