Uzoefu wangu na eBird: kupanga siku tatu za kutazama ndege, Spurn na North York Moors

Nimetumia eBird miaka mitatu kuandikia ndege ninaowaona. Mwisho wa Agosti ndiyo mara ya kwanza kuitumia kupanga safari nzima kabla sijatoka mlangoni. Mimi ni muuguzi hapa Leeds, Uingereza, nafanya kazi kwa zamu, na nilikuwa nimepata siku tatu tu. Ukiwa na wiki mbili unaweza kubahatisha. Ukiwa na siku tatu, kila asubuhi ina thamani yake.

Kwa asiyeijua: eBird ni tovuti na programu ya simu ya Cornell Lab of Ornithology, Marekani, iliyoanza 2002. Haina malipo. Watu dunia nzima huandika walichokiona, wapi na saa ngapi, na wakaguzi wa kujitolea huzipitia taarifa zisizo za kawaida. Wengi wetu tunaijua upande huo wa kuandika. Ninaousifu leo ni upande wa kusoma, hasa ile chati ya mistari ya kijani.

Unachagua eneo, inakupa kila aina ya ndege aliyewahi kuandikwa pale, na mbele yake mwaka mzima, kila mwezi umekatwa vipande vinne. Mstari ukiwa mnene, ndege huyo anaonekana kwenye orodha nyingi za wiki hiyo. Ukiwa mwembamba, kwenye chache. Hapa naomba uwe makini. Unene hauhesabu ndege. Unahesabu ni orodha ngapi kati ya mia zina ndege huyo, basi. Kundi la elfu tano lililoonwa na mtu mmoja halinenepeshi mstari kuliko ndege mmoja aliyeonwa na mtu mmoja.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa siku mbili kwenye nyika za juu za North York Moors na siku moja pwani. Sababu ilikuwa sululu. Nimekulia Watamu, pwani ya Kenya, na kwenye tope la Mida sululu ni ndege wa kila siku: miguu mirefu, mdomo mrefu uliopinda kama chombo cha kuchimbia tunachokiita jina hilohilo. Hapa Uingereza sululu mkubwa anazaliana kwenye nyika za milimani, na wenyeji wa Yorkshire, mkoa wetu huu, wanampenda kupita kiasi. Tangu 2015 yumo kwenye orodha nyekundu ya ndege wa nchi hii walio hatarini. Nilitaka kumsikia akilia juu ya maua ya zambarau ya nyika.

Chati ikanivunjia mpango huo ndani ya dakika tano. Kwenye nyika, mstari wa sululu unanenepa Machi hadi Juni, Julai unakonda, na ukifika Agosti ni uzi tu. Nikafungua Spurn, ule ulimi wa mchanga kwenye mlango wa mto Humber: huko mstari unanenepa kuanzia Julai. Kumbe wakishalea makinda yao wanashuka. Ndege niliyetaka kumfuata mlimani alikuwa ameshahamia pwani mwezi mzima kabla yangu! Nikageuza: pwani siku mbili, mlimani nusu siku, kwa ajili ya maua.

Chati hiyohiyo iliniokoa Bempton Cliffs, majabali ya pwani wanakozaliana ndege wa baharini. Mwenzangu wa wodini alinihakikishia pafini, wale wenye mdomo wa rangirangi. Mstari wa pafini unakatika mwishoni mwa Julai. Wakati huo wameshakwenda baharini. Ganeti ndio wanaobaki hadi vuli, maelfu kwa maelfu, na makinda yao meusimeusi bado yako ukingoni. Kama una watoto na umewaahidi pafini, nenda Juni.

Sasa jambo ambalo eBird haitakupangia, na si kazi yake: maji. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba ndege wa topeni hufuata maji, lakini naliona kosa hili kwa wageni wengi hapa. Wanafika Spurn saa nane mchana, maji yamekupwa, tope linameta hadi upeo wa macho, na ndege ni vinukta. Humber ikiwa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 5. Unatakiwa ufike kama saa mbili kabla maji hayajajaa, ukae kimya, uyaache yakuletee ndege. Tope linapungua, wanasogea, wanasogea tena, mwisho wanainuka kwa pamoja kwenda kupumzika kwenye mabwawa ya Kilnsea.

Kwa hiyo nilichagua siku kwa mwezi, kama babu yangu alivyokuwa akipanga kwenda kuvua. Bamvua ya Spurn hujaa asubuhi mapema na jioni. Asubuhi ndiyo bora, maana Humber iko upande wa magharibi na jua linakuwa mgongoni kwako; jioni linakupiga machoni na kila ndege ni kivuli. Nililala jirani na Kilnsea, usiku wa pili baada ya mwezi kuandama.

Tahadhari moja niliyojifunza kwa jasho. Nilikuwa na kijitabu cha nyakati za maji nilichonunua dukani. Kiliandika maji kujaa saa 12:40 asubuhi. Nilifika saa 12 kasorobo, roho juu, nikijua nimechelewa. Saa 12:40 ikapita na maji bado yanapanda. Nikaangalia tena kijitabu, ukurasa wa ndani kabisa, kwa herufi ndogo: nyakati zote ni za GMT. Kiangazi Uingereza husogeza saa mbele kwa saa moja, kwa hiyo maji yalijaa saa 1:40. Asubuhi ile kosa langu lilinipa saa moja zaidi ya kutazama. Lakini ningelitumia hesabu ileile kuvuka kwenda ncha ya Spurn, ningejiingiza hatarini. Dhoruba ya tarehe 5 Desemba 2013 iliikata njia pale penye wembamba, na tangu hapo bamvua kubwa huweza kupita juu ya mchanga. Kabla ya kuvuka, ulizia kituo cha wageni cha Yorkshire Wildlife Trust nyakati ambazo haifai kuvuka.

Na nilichokiona? Sululu. Nilihesabu mia na zaidi, wamesimama kwenye maji ya kifundoni wakiangalia upepo. Katikati yao walikuwepo sululu wadogo, wenye mistari kichwani na mdomo mfupi zaidi, ndio tuliowazoea Mida. Wao hapa ni wapitaji tu, na mlio wao wa vipande saba nilioujua tangu utotoni ulinisimamisha nywele. Sisemi ni ndege walewale wa nyumbani. Mlio ni uleule, na kwa asubuhi ile ulinitosha.

Upande wa bahari walikuwepo kitwitwi weupe wanaokimbizana na wimbi, wengine bado na wekundu wa kiangazi shingoni. Kwetu ni nadra kuwaona hivyo. Wengi hutufikia wameshavaa kijivu. Jioni buabua walikusanyika kwa mamia, na skua wakiwafukuza hadi wateme samaki. Mbayuwayu walipita kuelekea kusini bila kukatika.

Ukiwa na nafasi ya kubadilisha siku, tazama upepo pia. Upepo wa mashariki ukija na mvua ndio unaoangusha wasafiri wadogo vichakani Spurn. Mimi nilipata wa magharibi, vichaka vikawa vitupu, ila kwenye uzio alitua ndege mmoja mwenye kiuno cheupe, Waingereza humwita wheatear, wa wale ambao wote huenda Afrika kukimbia baridi, hata wazaliwa wa Alaska, ambao hufika hadi Kenya na Uganda. Nilimtazama mpaka alipoondoka mwenyewe.

Nyika niliifikia siku ya tatu mchana, karibu na Hole of Horcum. Maua ya zambarau, jamaa wa erika tunazoziona Mlima Kenya, yamefunika vilima vyote. Ndege ni wachache kama chati ilivyosema: grausi, jamaa mnene wa kwale, waliotimka miguuni mwangu mara mbili, na kozi mdogo aliyepita chini kama jiwe lililorushwa. Jua tu kwamba msimu wa kuwinda grausi hufunguliwa tarehe 12 Agosti. Fuata njia zilizowekwa na heshimu mabango. Kwa nyika, chati za eBird zisome kwa tahadhari zaidi, kwa kuwa wanaopanda huko na kuandika orodha ni wachache kuliko wa pwani.

Pakua orodha na ramani kabla hujaondoka, kwa sababu mtandao Spurn na mlimani ni wa kubahatisha. Programu ya Merlin, ya taasisi hiyohiyo, inayotambua ndege kwa sauti au picha, nayo ni nzuri, ila Agosti ndege wengi wameacha kuimba, hivyo usitegemee sauti peke yake. Beba darubini.

Nyota tano. Juzi mkaguzi mmoja aliniandikia kwa adabu sana akiuliza kuhusu buabua niliyemwandika. Nikafungua picha zangu, nikaona rangi ya miguu, nikamrekebisha. Mwaka ujao nitaomba likizo Mei, na mara hii naanzia mlimani, kabla sululu hawajashuka.