Viatu vya Barafu vya Zama za Koss: Tathmini Baada ya Majira Mawili ya Baridi

Viatu ninavyovitathmini hapa ni vya mbio za barafu vya aina ya zamani, vyenye chuma kirefu kilichokazwa kwenye soli mbele na nyuma, bila bawaba. Nilivinunua vikiwa vimekwishatumika, katika duka dogo mjini Oslo, kwa sababu ya mtu mmoja tu: Johann Olav Koss, Mnorwe wa mbio za barafu, alitwaa dhahabu zake zote za Olimpiki akiwa na viatu vya aina hii, nami nilitaka miguu yangu ielewe kile ambacho macho yalikuwa yamekiona kwenye kanda za mashindano.

Ngozi yake ni nyembamba na inaishia chini ya kifundo, hivyo kifundo hakina cha kukiegemeza ila nguvu yake chenyewe. Chuma kimepita kiatu mbele na nyuma, na wembamba wake ni kama milimita moja. Katika viatu vya siku hizi, bawaba iliyo chini ya sehemu ya mbele ya wayo huruhusu kisigino kuinuka huku chuma kikiendelea kugusa barafu, na misuli ya shavu la mguu hupata nafasi ya kusukuma hadi mwisho. Hivi vyangu havina huruma hiyo. Ukiinua kisigino mapema, ncha ya mbele huchimba barafu, na siku ya kwanza nilianguka mara tatu kabla ya kujifunza kusukuma kwa upande, goti likiwa limekunjwa na wayo ukiwa bapa.

Nilivipeleka Hamar, mji wa Norwe, katika ukumbi wa Vikingskipet, ambao paa lake limejengwa mfano wa merikebu iliyopinduliwa. Hapo ndipo Koss, kwenye Olimpiki ya Februari 1994, alishinda mita 5,000 kwa dakika 6:34.96, mita 1,500 kwa 1:51.29 na mita 10,000 kwa 13:30.55, zote zikiwa rekodi za dunia, ndani ya siku nane. Miaka miwili kabla, alilazwa hospitalini kwa ugonjwa wa kongosho Olimpiki ya Albertville ilipokuwa ikianza, na bado akaondoka na dhahabu ya mita 1,500 kwa tofauti ya sekunde 0.04 tu.

Mbio za mita 10,000 ndizo zinazonishangaza zaidi. Ni mizunguko 25, naye aliikimbia kwa wastani wa sekunde 32 na nusu hivi kila mmoja, akaivunja rekodi yake mwenyewe kwa takriban sekunde 13 na kumwacha Mnorwe mwenzake, Kjell Storelid, nyuma kwa karibu sekunde 19. Mzunguko wangu bora ni sekunde 51, na baada ya mizunguko minne mgongo unaniomba nisimame. Mholanzi Gianni Romme aliposhinda mbio hizo kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 kwa 13:15.33, alikuwa amevaa viatu vyenye bawaba. Kwa hiyo naziheshimu mbio zote mbili, lakini za Koss nazihisi kwenye mapaja.

Kuhusu ubora, ngozi na mishono bado ni imara. Kasoro niliyoikuta ni pengo dogo kwenye chuma cha kushoto, ingawa muuzaji alinihakikishia kwamba vyote vimenolewa. Fundi alihitaji saa nzima kulisawazisha. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha taratibu kwenye makali yote mawili, kwani jicho halitaliona.

Kwa anayeanza sivishauri hata kidogo. Akodi vya kawaida vinavyokumbata kifundo. Kwa anayejua tayari kupiga kona kwa kuvusha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, vinafaa kabisa. Chagua saizi inayobana bila soksi nene, na nunua siku hiyohiyo kinoo pamoja na fremu ya kubania vyuma viwili sambamba, kwa maana mimi hunoa kila baada ya mazoezi mawili.