Matembezi ya kwenda kwenye mwamba wa minyoo, ghuba ya Mont-Saint-Michel: yanafaa, ila chagua siku na mwongozaji

Matembezi mengi yanayouzwa katika ghuba ya Mont-Saint-Michel, Ufaransa, hayafiki kabisa kwenye miamba ya minyoo, yaani miamba ya mchanga iliyojengwa na minyoo wa baharini. Lijue hilo kabla hujalipa. Njia maarufu, ya kutoka Bec d'Andaine hadi kwenye kisiwa cha Mont-Saint-Michel chenye abasia (nyumba ya watawa) na kurudi, ni kama kilomita 14 za mchanga, tope na mito ya kuvuka. Ni nzuri kwa anayetaka kuona abasia. Mwamba wa Sainte-Anne, unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote iliyojengwa na viumbe hai barani Ulaya, uko upande wa magharibi, mbele ya Cherrueix na Saint-Broladre, kilomita tatu na kitu hadi nne kutoka ufukweni. Unapoagiza, sema wazi kwamba unataka kufika kwenye hermelles, kwani ndivyo Wafaransa wanavyowaita minyoo hawa. Ukisema "ghuba" tu, utapelekwa kisiwani.

Mjenzi mwenyewe ni Sabellaria alveolata, mnyoo wa sentimita 3 hadi 4. Karibu na mdomo ana kiungo kidogo chenye umbo la kiatu cha farasi. Hukamata punje ya mchanga au kipande cha kombe, hukigeuza na kukipima, kisha hukitupa au hukipaka gundi ya protini inayoganda majini na kukibandika ukingoni mwa mrija wake. Mirija hubanana hadi uso wa mwamba unafanana na sega la nyuki. Kazi hii inataka maji yanayorusha mchanga juu, kwa sababu mnyoo hatoki kwenda kuutafuta. Palipotulia na maji maangavu, hana cha kujengea.

Maji yakipwa, kila mnyoo hurudi ndani na kuziba mlango kwa taji la nywele ngumu za rangi ya dhahabu. Ukitazama kwa macho matupu utaona matundu tu, na wengi huondoka wakidhani wameona mchanga mgumu. Beba lenzi ya kukuza mara 10. Mwongozaji anayejua kazi huokota bonge ambalo mawimbi yamekwisha kulivunja, akalitia kwenye chombo kinachoonyesha ndani chenye maji ya bahari, akasubiri. Hapo ndipo mataji hufunguka na nyuzi za kulia chakula hujitokeza. Bila onyesho hilo, ziara inapoteza nusu ya thamani yake. Bonge lirudishwe palepale lilipotoka.

Jambo ambalo waongozaji wengi huliruka bila kulieleza ni uzazi, nalo ndilo linaloeleza masharti yote ya kutembea pale. Majike na madume hutoa mayai na mbegu majini. Lava, yaani minyoo wachanga walioanguliwa, huelea kwa wiki kadhaa, kisha hutafuta pa kukaa, na kinachowavuta zaidi ni gundi ya mirija ya wenzao, hata iwe mitupu. Kwa hiyo kipande cha zamani kinachoonekana kimekufa ndicho kitanda cha kizazi kijacho. Anayekiponda ili apate chaza au kome walio chini yake anaharibu zaidi ya anachokiona. Chaza wa Pasifiki, waliotoka kwenye ufugaji, wameupanda mwamba sehemu nyingi na wanachuja chakula kilekile. Mwani wa kijani ukitanda juu, minyoo wachanga hupungua.

Basi kipimo chetu cha mwongozaji ni miguu yake. Mzuri hupitisha watu kwenye mchanga kati ya mabonge na kuwataka wasimame pembeni. Midomo ya mirija iliyobomolewa na hatua nyepesi hutengenezwa tena na minyoo wenyewe, lakini kisigino kinachotoboa shimo huacha ukingo wazi, na wimbi linalofuata hung'oa bonge zima. Mwongozaji anayepanda juu ya mwamba ili apigwe picha, au anayeruhusu vyuma vya kuvunjia, asipewe kazi. Miamba hii imo katika makazi yanayolindwa na Sheria ya Makazi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992.

Sasa maji. Wafaransa hupima ukubwa wa kujaa na kupwa kwa maji kwa namba kuanzia 20 hadi 120; namba kubwa ni bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana. Kwa Sainte-Anne usikubali siku iliyo chini ya 90, maana mwamba utafunuliwa kwa muda mfupi mno au usifunuliwe vya kutosha. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, ni kupoteza nauli. Siku za bamvua kubwa, maji hapo hupwa kabisa karibu saa nane hadi kumi alasiri. Yakipwa saa 9:00, ondoka ufukweni saa 6:30, ufike saa 8:00, ukae saa moja, na saa 9:00 kamili uwe umeshageuka. Kusubiri "dakika kumi tu" ndiko kunakoua.

Aliyezoea bamvua ya Zanzibar, ya mita 4 hivi, asitumie uzoefu huo hapa. Siku ya mita 12, kwa hesabu ya kugawa kimo hicho sehemu kumi na mbili, maji hupanda mita 1 saa ya kwanza, 2 saa ya pili na 3 saa ya tatu. Ndani ya ghuba kujaa kwenyewe ni kwa kasi kuliko kupwa, na mifereji hujaa nyuma yako kabla hujaona maji mbele. Kuna pia mchanga unaotitia. Ukungu ukishuka hakuna alama ya kufuata, kwa hiyo mwongozaji asiye na dira na simu ya redio hafai, hata bei ikipendeza.

Kiangazi watu huenda miguu mitupu, lakini karibu na mwamba makombe ya chaza hukata kama wembe. Vaa viatu vya maji vinavyobana mguu, kwani buti pana hubaki topeni. Lita moja na nusu ya maji ya kunywa inatosha. Unapopiga simu, uliza manne: namba ya bamvua ya siku hiyo, saa ya kugeuka, idadi ya watu katika kundi, na kama kuna chombo cha kuonyeshea minyoo. Kundi likizidi watu 20, tafuta jingine; pembezoni mwa bonge hapatoshi, na wa nyuma huishia kupanda juu.