Quba kwa miguu na Mama, siku ya Jumamosi

Nauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, Mbeya. Tangu nirudi umra na mama yangu mwezi wa nane, haipiti siku bila mtu kusimama mbele ya magunia yangu na kuuliza, "Madina mlizuru wapi, na ziara inafaa kulipiwa?" Najibu hapa kwa urefu, kwa sababu Msikiti wa Quba tuliuzuru mara mbili. Mara ya kwanza tulilipia tukaupata nusu. Mara ya pili tulikwenda kwa miguu yetu, tukaupata wote.

Nianze na ile ya kulipia. Kwenye karatasi ya wakala wetu ziara ya Madina iliandikwa "siku nzima": Quba, Msikiti wa Qiblatain na Uhud. Siku nzima hiyo ilianza saa mbili asubuhi ikaisha kabla ya adhuhuri, kwa kuwa basi lilikuwa linasubiriwa na kundi jingine. Quba tulipewa dakika ishirini na tano. Humo toa muda wa kushusha watu arobaini, wengi wao wazee, toa muda wa kutafuta mlango wa wanawake, toa foleni ya kutawadha. Mama ana miaka sabini na moja na goti lake la kushoto halikunji vizuri. Alikuwa bado kwenye tahiyatu honi ilipoanza kulia. Alitoa salamu, akaniegemea, tukarudi kwenye basi, na hakusema neno mpaka Uhud. Pale tuliwatolea salamu Hamza, ami yake Mtume, na mashahidi wenzake waliozikwa hapo, tukiwa tumesimama juani, naye akautazama ule mlima wa mawe matupu akasema, "Hata mgomba mmoja." Mama ni mtu wa Tukuyu. Kwake mlima ni kitu cha kijani.

Kilichoniuma zaidi si dakika. Kiongozi wetu alitangaza ndani ya basi kwamba tusihangaike na udhu hotelini, tutatawadha hukohuko. Sasa fadhila ya Quba yenyewe imefungwa hapo. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kujitwaharisha nyumbani kwake, kisha akaenda Quba akaswali humo, anapata ujira mfano wa umra. Na yeye mwenyewe alikuwa akienda Quba kila Jumamosi, mara kwa miguu, mara amepanda mnyama, akiswali rakaa mbili. Mtu amekusanya pesa miaka sita, ametoka Mbeya kwa basi zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar, akapanda ndege, halafu jambo dogo kama hilo haambiwi! Mama alikuwa analijua. Marehemu baba alimfundisha zamani, naye alinyamaza kwa kuwa hakutaka kumkosoa kijana wa watu mbele ya msafara.

Jumamosi ilikuwa keshokutwa yake. Tuliswali alfajiri Msikiti wa Mtume, tukarudi hotelini, tukanywa chai na mikate, tukatawadha bila haraka. Mama hakutaka kuswali sunna kabla jua halijapanda kiasi cha mkuki, kwa hiyo tuliondoka limeshachomoza. Kutoka Msikiti wa Mtume mpaka Quba ni kama kilomita tatu na nusu kuelekea kusini, na siku hizi ipo njia pana ya waenda kwa miguu, imesakafiwa, ina mabenchi na maduka pembeni. Huwezi kupotea: fuata watu. Tulipumzika mara nne. Mwendo wa kijana ni dakika arobaini hivi, sisi ulituchukua saa moja na robo, na sikuona hata dakika moja ya kuisikitikia. Wapo Waturuki, Waindonesia, Wanigeria, wote wanashika njia moja, wengine na watoto mgongoni. Ila mwezi wa nane ondokeni mapema. Sisi tulitoka Mbeya na masweta, Madina mchana joto linapita nyuzi 40, na ikifika saa nne mzee hapaswi kuwa barabarani.

Msikiti wenyewe unauona mbali, mweupe, minara minne. Mama aliuliza, "Ndio huu alioujenga Mtume?" Nilimwambia kweli: mahali ndipo, kuta sizo. Hapa ndipo Mtume alipofikia katika Hijra, kuhama kwake kutoka Makka, mwaka 622, akakaa siku chache kabla ya kuingia Madina, na hapa ndipo uliposimamishwa msikiti wa kwanza wa Uislamu. Lakini jengo la zamani lilibomolewa, na hili tunaloliona lilikamilika mwaka 1986, kazi ya msanifu wa Kimisri Abdel-Wahed El-Wakil. Anayetamani kugusa mawe ya karne nyingi aende Kilwa Kisiwani. Quba hutakuta ufa hata mmoja.

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Kisha akaanza kunihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipoolewa na kusilimu, kijijini kwao Waislamu walikuwa nyumba tatu. Idd walitoka usiku kwa miguu, matope ya Rungwe mpaka kwenye vifundo, ndoo ya maji kichwani ili wanawake wakifika mjini waoshe miguu kabla ya kuswali. "Na hawa wa kwanza nao walikuwa wachache," akasema, akaingia ndani na kandambili mkononi.

Humo tulikaa mpaka karibu saa nne. Hakuna aliyetuhimiza. Upande wa wanawake una mlango wake, ni safi, una ubaridi, na maji ya kunywa yapo. Viti vya wenye magoti mabovu vilikuwepo, Mama akapata kimoja. Aliswali rakaa zake mbili, akakaa, akasoma uradi mpaka nikadhani amesinzia. Alikuwa analia. Kwa sauti ya chini kabisa alisema, "Ndaga fijo," kwa Kinyakyusa, na sikuhitaji kuuliza anamshukuru nani.

Kurudi tulipanda vigari vya umeme vinavyopita kwenye njia hiyohiyo, riali 10 kila mtu. Dereva alimsubiri Mama apande taratibu. Vinafaa sana kwa wazee.

Nje kuna wauza tende, na hapa nasema kama mtu wa soko. Ajwa, tende maarufu ya Madina, iliyo nzuri ni nyeusi, laini, haina vumbi la sukari nje. Wengine wanapanga nzuri juu na kavu za msimu uliopita chini, kama ambavyo kwetu wapo wanaochanganya mchele mpya na wa zamani kwenye gunia moja. Omba uchaguliwe kutoka chini ya boksi, uonje, ndipo ipimwe. Nilinunua kwa riali 40 kilo. Tende ileile, jirani na hoteli yetu, waliitaja 55.

Jambo moja mlijue: mwaka 2022 Saudia ilitangaza mradi wa kuupanua msikiti huu uweze kupokea waumini 66,000, kwa hiyo msishangae mkikuta sura ya eneo imebadilika.

Rawdha, ile sehemu ndani ya Msikiti wa Mtume kati ya nyumba yake na mimbari, sitaisemea sana. Inataka kibali cha kwenye simu kupitia programu ya Nusuk, na nafasi zinaisha haraka. Mwombeni kijana mmoja wa msafara awashughulikie wazee wote kabla hamjatoka Tanzania.

Kama ni kutoa nyota, ziara ya basi naipa mbili, na hizo ni kwa sababu ya dereva, aliyeendesha kwa adabu. Quba ya Jumamosi naipa zote tano, na mwakani Mungu akijaalia nitampeleka shangazi. Wakala nitakayemlipa nitamuuliza maswali mawili kabla sijafungua pochi: tutakuwa Madina Jumamosi ipi, na hoteli iko umbali gani kutoka ile njia ya Quba. Wa kwanza niliyempigia wiki iliyopita alinijibu kuhusu idadi ya milo.